Sista Elizabeth Kenny: Aliyefundisha misuli kutembea upya

Waafrika Mashariki wanaoishi Minneapolis, jimboni Minnesota nchini Marekani, wanaifahamu vyema barabara ya Chicago Avenue. Inapita katika mtaa wa Phillips, ambako familia nyingi za Kisomali zimeweka makazi, na kando yake imesimama hospitali kubwa ya Abbott Northwestern. Ndani ya eneo la hospitali hiyo kuna taasisi ya tiba ya viungo inayobeba jina la mwanamke ambaye hakuzaliwa Marekani, hakusomea udaktari, wala hakuwahi kupata cheti cha uuguzi.

Jina lake ni Elizabeth Kenny. Katika muongo wa 1940 alikuwa miongoni mwa wanawake mashuhuri kuliko wote nchini Marekani. Wazazi walisafiri naye rohoni kana kwamba yeye ndiye tumaini la mwisho la watoto wao waliopoozwa na polio. Madaktari wengi walimwona msumbufu, na baadhi walimwita tapeli. Hata hivyo, kwa kiasi kikubwa ni kupitia kwake kwamba wanafunzi wa elimu ya viungo na uuguzi waliokwenda Minneapolis walijifunza jambo ambalo leo linafundishwa kila mahali: kiungo kilichougua hakiponi kwa kufungwa na kulazwa, bali kwa kusaidiwa kutembea na kukunjuka.

Msichana wa mashambani

Elizabeth Kenny alizaliwa tarehe 20 Septemba mwaka 1880 huko Warialda, katika jimbo la New South Wales, Australia. Baba yake, Michael Kenny, alikuwa mkulima mhamiaji kutoka Ireland. Familia ilihama mara kwa mara kutafuta ardhi na kazi, na kwa sababu hiyo binti huyo hakupata elimu ya kutosha darasani. Hatimaye walifika Nobby, kijiji kidogo katika nyanda za Darling Downs jimboni Queensland.

Akiwa msichana alianguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Alipelekwa mji wa Toowoomba kwa daktari wa upasuaji, Aeneas McDonnell. Wakati wa kuuguza mkono huo, alipata nafasi ya kuvisoma vitabu vya daktari vinavyoeleza umbile la mwili wa binadamu. Alivutiwa hasa na misuli: unaanzia wapi, unashikilia wapi, na ukivuta unasogeza nini. Daktari McDonnell akawa mshauri wake kwa miaka mingi iliyofuata.

Kabla ya kuingia katika kazi ya uuguzi alijaribu biashara. Alikuwa dalali wa mazao ya wakulima wa Guyra, akiyatafutia soko mjini Brisbane, na biashara hiyo ilimwendea vizuri. Baadaye alijishonea vazi la muuguzi na kuanza kuwahudumia wakulima wa Nobby na vitongoji vyake, akipanda farasi kwenda nyumba zilizokuwa mbali na hospitali. Ujuzi wake ulitokana na kufanya kazi pamoja na wakunga na wauguzi wengine. Hakuna kumbukumbu inayoonyesha kwamba alihitimu chuo chochote cha uuguzi, na jambo hilo lingemwandama maisha yake yote.

Mgonjwa wa kwanza

Kwa maelezo yake mwenyewe, mwaka 1911 aliitwa kumwona mtoto mdogo ambaye miguu yake ilikuwa imekakamaa na ambaye alilia kwa maumivu kila alipoguswa. Hakuujua ugonjwa huo. Alimpelekea Daktari McDonnell ujumbe kwa simu ya maandishi, akijibiwa kwamba dalili hizo ni za kupooza kwa watoto, kwamba tiba haipo, na kwamba amhudumie mgonjwa kadiri atakavyoona inafaa.

Kenny alichukua blanketi la sufu, akalikata vipande, akavichovya katika maji yanayochemka, akavikamua mpaka visidondoshe tone, kisha akavifunga kwenye misuli iliyokakamaa. Maumivu yakapungua. Baada ya hapo alianza kumsaidia mtoto kuisogeza miguu pole pole. Kwa mujibu wa simulizi yake, mtoto huyo na wengine waliofuata walipona.

Wanahistoria wamehoji baadhi ya maelezo ya kisa hicho, hasa kwa kuwa Bi Kenny alikiandika miaka mingi baadaye na alikuwa na tabia ya kuyapamba maisha yake. Hata umri wake aliupunguza kwa miaka kadhaa. Lakini kiini cha kisa chenyewe hakina utata: alianza kutibu polio bila kujua madaktari wa mijini walikuwa wakifanya nini, na kwa hiyo hakufanya walichofanya wao.

Tofauti hiyo ilikuwa kubwa. Kirusi cha polio huingia mwilini kwa njia ya mdomo, na kwa wengi wanaoambukizwa hakileti madhara makubwa. Lakini kwa takriban mtu mmoja katika kila watu 200, hushambulia chembechembe za neva katika uti wa mgongo zinazopeleka amri kwenye misuli, na kiungo hupooza. Madaktari wa wakati huo waliamini kwamba msuli uliopooza ungevutwa na misuli mizima iliyo upande wa pili hadi kiungo kipinde. Ili kuzuia hilo, walimfunga mtoto mabanzi na plasta ngumu, mara nyingine mwili mzima, kwa wiki na hata miezi. Plasta ilipofunguliwa, mara nyingi misuli ilikuwa imenywea na viungo vimekuwa vigumu.

Vita na machela

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Bi Kenny alikwenda Ulaya kwa hiari yake, na mwaka 1915 alikubaliwa katika jeshi la wauguzi wa Australia. Alifanya kazi ndani ya meli zilizokuwa zikiwarejesha majeruhi nyumbani. Tarehe 1 Novemba mwaka 1917 alipandishwa cheo na kuwa Sista.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatapata shida kulielewa jina hilo. Kama ilivyo katika hospitali zetu, ambako mgonjwa humwita muuguzi sista bila kumaanisha mtawa, katika nchi zilizofuata utaratibu wa Uingereza neno hilo lilikuwa cheo cha muuguzi mwandamizi. Wamarekani wengi hawakulijua hilo, na kwa miaka mingi walidhani Bi Kenny ni mtawa wa Kanisa Katoliki. Yeye alilishikilia jina hilo hadi kufa, kwa kuwa lilikuwa cheo pekee cha taaluma alichowahi kupewa na serikali.

Baada ya vita alirejea Nobby. Katika miaka ya 1920 alimlea binti aitwaye Mary, ambaye baadaye angekuwa msaidizi wake mkuu. Alibuni pia machela ya kumbebea majeruhi aliyepata mshtuko, iliyompa mgonjwa nafasi ya kutibiwa akiwa njiani bila kutikiswa ovyo. Mwaka 1927 aliisajili kwa jina la Sylvia, ambalo ni la mtoto aliyejeruhiwa shambani na kumpa wazo hilo. Mapato ya machela hiyo yalimwezesha kuishi na kuwahudumia wagonjwa bila kuwadai fedha.

Kuanzia mwaka 1932 alianza kuwatibu wagonjwa wa polio katika mji wa Townsville, kaskazini mwa Queensland. Wengi walikuwa watu walioishi na ulemavu kwa miaka mingi. Aliwavua vyuma vya miguu, akawaweka katika maji ya moto, na kuwafanyisha mazoezi. Habari zilienea, na serikali ya Queensland ikaunga mkono kufunguliwa kwa vituo vingine, kikiwemo cha Brisbane.

Madaktari walikasirika. Mwaka 1935 serikali iliunda tume ya kuchunguza tiba hiyo, na ripoti ya mwaka 1938 ilikuwa kali. Tume ilisema kwamba kuacha kuvifunga viungo ni kosa kubwa na la hatari. Hata hivyo serikali haikumfukuza. Ilimpa wodi katika hospitali kuu ya Brisbane, na baadhi ya madaktari waliomwona akifanya kazi huko walikiri kwamba wagonjwa wake walipata nafuu mapema na viungo vyao vilikuwa laini zaidi.

Safari ya Minneapolis

Mwaka 1940, Bi Kenny akiwa na umri wa miaka 59, serikali ya Queensland ilimlipia nauli ya kwenda Marekani pamoja na Mary. Nchi hiyo ilikuwa na sababu ya pekee ya kuihofia polio. Rais wake, Franklin Roosevelt, alipatwa na ugonjwa huo mwaka 1921 na hakuweza tena kutembea bila msaada. Mwaka 1938 alianzisha mfuko wa kitaifa wa kupambana na polio, ambao ulichangisha fedha kutoka kwa wananchi wa kawaida, senti kwa senti.

Mapokezi ya mwanzo hayakuwa mazuri. Mjini New York viongozi wa mfuko huo hawakushawishika. Mjini Chicago, makao ya chama cha madaktari wa Marekani, hali ilikuwa hiyo hiyo. Alikwenda kliniki ya Mayo katika mji wa Rochester, Minnesota, na kutoka huko akaelekezwa kwenye miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, ambako kulikuwa na wagonjwa wa polio wakati huo.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Madaktari watatu, Wallace Cole, Miland Knapp na John Pohl, walikubali kumtazama akifanya kazi. Hawakumwamini kwa maneno. Walimpa wagonjwa, wakasimama kando ya kitanda, wakaangalia. Waliona watoto waliokuwa wakipiga kelele za maumivu wakitulia baada ya kufungwa vitambaa vya moto. Waliona viungo ambavyo wao wangevitia kwenye plasta vikianza kusogea. Wakamwomba abaki.

Mwezi Juni mwaka 1941, Cole na Knapp walichapisha taarifa ya awali katika jarida la chama cha madaktari. Ilipofika Desemba mwaka huo, mfuko wa kitaifa uliidhinisha matumizi ya tiba yake katika hatua za mwanzo za ugonjwa. Kwa mtu aliyekuwa amefungiwa milango New York na Chicago mwaka mmoja tu uliopita, hayo yalikuwa mageuzi makubwa.

Darasa la misuli

Chuo Kikuu cha Minnesota kilifungua kozi za kufundisha tiba ya Kenny kwa madaktari, wauguzi na wataalamu wa tiba ya viungo, kwa fedha za mfuko wa kitaifa. Wanafunzi walitoka majimbo mbalimbali.

Ni vyema kueleza wanafunzi hao walikuwa watu gani. Tiba ya viungo ilikuwa bado taaluma changa nchini Marekani. Ilianza kupata sura wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi lilipotafuta wanawake wa kuwafanyisha mazoezi askari waliojeruhiwa, na wengi wao walichukuliwa kutoka vyuo vya elimu ya viungo, yaani vile vilivyokuwa vikifundisha walimu wa michezo wa shule. Kwa miaka mingi baadaye, aliyetaka kuingia shule ya tiba ya viungo alitakiwa kwanza awe amehitimu elimu ya viungo au uuguzi. Somo ambalo wengi waliliona kuwa la kukimbia na kuruka uwanjani ndilo lililowafungulia wasichana wengi mlango wa hospitali.

Wahitimu hao walikuwa wakijua majina ya misuli na kazi zake, na walijua kumfundisha mtu mzima wa afya kuitumia. Bi Kenny aliwataka wajifunze kumfundisha mtu ambaye msuli wake haumtii.

Mafunzo yake yalikuwa na hatua. Kwanza ni vitambaa vya moto. Vilikatwa kwa umbo la msuli wenyewe, na maungo kama goti na kiwiko yaliachwa wazi ili yaweze kukunjwa. Vilibadilishwa mara nyingi kwa siku. Watu wazima waliolazwa wakiwa watoto katika wodi hizo waliikumbuka kwa miaka mingi harufu ya sufu iliyoloa. Mgonjwa alilazwa kwenye godoro gumu, na miguuni aliwekewa ubao wa kukanyagia, ili mwili usisahau jinsi ya kusimama.

Maumivu yakitulia, mtaalamu alikisogeza kiungo polepole bila mgonjwa kutumia nguvu, huku akimwonyesha msuli unaohusika na kumwomba auelekezee mawazo yake yote. Bi Kenny aliamini kwamba kuna misuli ambayo haikufa, bali akili imepoteza njia ya kuifikia. Kazi ya mtaalamu, kwa maoni yake, ilikuwa kumrudishia mgonjwa njia hiyo. Mwisho kabisa mgonjwa alitakiwa kusogeza kiungo mwenyewe, kwa msuli sahihi, bila kuazima nguvu za misuli jirani.

Alikuwa mwalimu mkali. Hakupenda kuulizwa maswali yenye shaka, na aliwakaripia madaktari mbele ya wanafunzi wao. Aligombana pia juu ya muda wa mafunzo. Mfuko wa kitaifa ulitaka kozi fupi, ili wataalamu wengi wapatikane haraka kabla ya mlipuko mwingine. Yeye alisisitiza kwamba kazi hiyo inahitaji miaka miwili. Alihofia kwamba hospitali zingechukua vitambaa vya moto tu na kuuacha ufundi wa kufundisha misuli, na katika sehemu nyingi ndivyo ilivyotokea.

Umaarufu na ugomvi

Tarehe 17 Desemba mwaka 1942, Taasisi ya Sister Kenny ilifunguliwa mjini Minneapolis. Mwaka uliofuata alitoa kitabu cha maisha yake, na mwaka 1946 kampuni ya RKO ilitoa filamu juu yake, ambamo Rosalind Russell alicheza nafasi yake na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Picha zake akiwa na kofia kubwa, mrefu na mwenye mabega mapana, zilijaa magazetini.

Lakini ugomvi nao ulikua. Mwezi Juni mwaka 1944, kamati ya madaktari wa mifupa ilichapisha ripoti katika jarida lile lile lililomfungulia mlango miaka mitatu kabla. Ilikosoa maelezo yake kuhusu ugonjwa na takwimu zake za waliopona. Mwaka 1945 alitishia kuondoka Minneapolis kwa sababu ya kutofautiana na madaktari wa chuo kikuu na mfuko wa kitaifa. Wakazi wa jiji walimsihi abaki, naye akabaki.

Mwaka uliofuata kila mmoja alielewa kwa nini walimsihi. Majira ya joto ya mwaka 1946 polio iliishukia Minnesota kwa nguvu. Wazazi waliwafungia watoto ndani, na maonyesho makubwa ya kilimo ya jimbo, ambayo hufanyika kila mwaka mjini Saint Paul, yalifutwa. Wagonjwa walijaa hospitalini na blanketi za sufu zikachemshwa usiku na mchana.

Alipatia wapi, alikosea wapi

Kumtendea haki Bi Kenny kunahitaji kutenganisha mambo mawili: alichokifanya na alivyokieleza.

Maelezo yake yalikuwa na kasoro. Alisisitiza kwamba shina la polio ni kukakamaa kwa misuli, na akapuuza ushahidi wa wazi kwamba kirusi huua chembechembe za neva katika uti wa mgongo. Neva ikishakufa, hakuna kitambaa cha moto wala zoezi linaloweza kuirudisha. Alikuwa na chuki pia na mashine za kusaidia kupumua, ingawa ziliokoa maisha ya wengi ambao misuli ya kifua ilikuwa imepooza.

Takwimu zake nazo zilikuwa na tatizo. Wagonjwa wengi wa polio hupata nafuu kiasi fulani bila tiba yoyote. Ili kujua kama tiba inasaidia, ni lazima kulinganisha wagonjwa waliotibiwa na wengine wanaofanana nao ambao hawakutibiwa. Yeye hakukubali majaribio ya aina hiyo, akiona ni ukatili kumnyima mtoto tiba anayoiamini.

Upande wa vitendo alikuwa mbele ya wakati wake. Vitambaa vya moto vilipunguza maumivu. Kuacha plasta kuliwaepusha watoto na viungo vigumu na misuli iliyonyauka. Mazoezi ya mapema yaliwawezesha kuitumia kikamilifu misuli iliyosalimika. Hata wengi wa wapinzani wake, ndani ya miaka michache, waliacha kuwafunga wagonjwa kwa miezi. Hawakusema kwamba wamemfuata Kenny, lakini plasta ziliondolewa wodini.

Kuna jambo lingine ambalo ni gumu kulipima. Mzazi aliyeambiwa na daktari kwamba hakuna la kufanya, kwa Bi Kenny alipata kazi ya kufanya kila saa. Je, tumaini hilo lilikuwa zawadi au udanganyifu? Kwa mtoto ambaye neva zake zilikuwa hai, lilikuwa zawadi. Kwa yule ambaye neva zake zilikuwa zimekufa, wakati mwingine lilimfanya ajilaumu kwamba hakujitahidi vya kutosha. Wote wawili walilala katika wodi moja.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1950, bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyomruhusu kuingia na kutoka nchini humo bila viza, heshima iliyotolewa kwa nadra mno kwa mgeni. Mwaka 1951, katika kura ya maoni ya Gallup, Wamarekani walimtaja kuwa mwanamke wanayemstahi kuliko wote, mbele ya Eleanor Roosevelt, mjane wa rais.

Wakati huo afya yake ilikuwa imekwisha. Ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umemshika, na mwanamke aliyewafundisha maelfu kuitawala misuli yao alianza kushindwa kuitawala ya kwake. Alirejea Queensland na kuishi Toowoomba, mji ule ule alikovisoma vitabu vya Daktari McDonnell. Alifariki dunia tarehe 30 Novemba mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 72, na akazikwa Nobby.

Mwaka huo wa kifo chake ndio uliokuwa mbaya kuliko yote katika historia ya polio nchini Marekani. Watu zaidi ya 57,000 waliugua. Lakini mwisho ulikuwa karibu. Tarehe 12 Aprili mwaka 1955 ilitangazwa kwamba chanjo ya Daktari Jonas Salk inafanya kazi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafuata chanjo ya matone ya Albert Sabin, ile ambayo wazazi wa Afrika Mashariki wanaifahamu kwa kampeni za nyumba kwa nyumba.

Taasisi yake ilibaki, ingawa haikukosa doa. Mwaka 1960 iliibuka kashfa ya matumizi mabaya ya michango ya wananchi katika shirika lililokuwa likiiendesha, na mkurugenzi wake wa zamani, aliyewahi kuwa meya wa Minneapolis, alipatikana na hatia mahakamani. Taasisi ilinusurika kwa kubadili kazi. Wagonjwa wa polio walipopungua, iligeukia walioumia uti wa mgongo, waliopatwa na kiharusi na waliopata majeraha ya ubongo. Tangu mwaka 2013, baada ya kuungana na kituo kingine cha huduma kwa walemavu, inaitwa Courage Kenny.

Urithi wake na Afrika Mashariki

Polio haikuondoka kila mahali kwa wakati mmoja. Katika miji ya Afrika Mashariki wapo hadi leo watu wazima wanaotembea kwa magongo au kuendesha baiskeli za magurudumu matatu kwa sababu chanjo haikuwafikia walipokuwa watoto. Mwaka 2013 ugonjwa huo uliibuka tena katika Pembe ya Afrika na kuwapata watoto nchini Somalia na Kenya. Mwezi Agosti mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kanda yake ya Afrika haina tena kirusi cha asili cha polio, lakini mwaka 2022 kirusi chenye asili ya Pakistan kiligunduliwa Malawi na Msumbiji. Milipuko inayotokana na virusi vya chanjo vilivyobadilika imeendelea kuonekana pia katika baadhi ya nchi za ukanda huu, hasa pale ambapo watoto wengi hawakuchanjwa.

Kwa hiyo somo la Bi Kenny halijapitwa na wakati. Chanjo humkinga mtoto ambaye hajaugua. Aliyekwisha kuugua anahitaji mtu mwenye mikono yenye ujuzi na subira ya miezi mingi. Katika vyuo vyetu, elimu ya viungo bado huhesabiwa na wengi kuwa somo la ziada, la kujazia ratiba baada ya masomo yanayoitwa ya maana. Mzazi husikitika akisikia mwanawe amelichagua. Historia ya Minneapolis inaonyesha kwamba madaktari walipokosa la kufanya, waliohitajika kando ya kitanda walikuwa ni watu wanaojua msuli unavyofanya kazi na namna ya kumfundisha mwingine autumie.

Huko Nobby, kijiji chenye wakazi wachache, kipo kijumba cha makumbusho kinachotunza habari za muuguzi huyo asiye na cheti. Na katika mtaa wa Phillips mjini Minneapolis, ndani ya taasisi yenye jina lake, wagonjwa wangali wanashika vyuma viwili vilivyowekwa sambamba, mtaalamu akiwa nyuma yao, wakijaribu hatua moja, kisha nyingine.